Kiinua Mgongo

Punda wa kwanza alipolia nyumbani kwetu, mzee wangu, baba watoto wangu, aliruka kitandani akashika rungu. Alidhani kuna mtu ananyongwa. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, baridi ile ya Kisongo, Arusha, inayoingia mpaka ndani ya magoti, na mimi nilikuwa macho tayari. Siku tisa nzima yule punda alikuwa amesimama bandani kichwa chini, hajatoa hata mguno. Nilipomsikia nilitoka mbio na kanga tu mabegani, viatu nikavisahau mlangoni.

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Sasa anaitwa Subira, na saa hiyo hiyo kila alfajiri bado analia, kwa sababu moja: anataka mabua yake.

Nilifundisha shule ya msingi miaka 34. Nilipostaafu, kila mtu alikuwa na maoni juu ya kiinua mgongo changu. Dada yangu alitaka nijenge vyumba vya kupangisha. Wanangu walisema bodaboda. Shemeji alinichorea kabisa kwenye karatasi banda la kuku 500 wa mayai. Mimi nikazungushia seng'enge eka zetu mbili, nikanunua matanki mawili ya kukinga maji ya mvua, tukapanda mahindi na maharage. Punda hakuwemo kwenye hesabu yoyote. Siku hizi watu wakiniuliza kiinua mgongo changu kilifanya nini, nawajibu kiliinua mgongo wa punda. Wanacheka, wanadhani natania.

Matanki yakikauka, huku kwetu unanunua maji kwa kijana mwenye punda. Wa kwetu alikuwa kijana mpole, mwenye salamu ndefu, aliyeniita Mwalimu ingawa sikuwahi kumfundisha. Alikuja kila siku ya pili, punda wake kabeba madumu manne, mawili kila upande. Nilimlipa, nikamimina, akaondoka. Miezi mingi ilipita hivyo. Siku moja upepo ukafunua lile gunia la mgongoni na nikaona kilichokuwa chini yake: kidonda ukubwa wa sahani ya chai, juu kabisa ya uti wa mgongo, na kamba ya nailoni imezama ndani ya nyama. Funza walikuwemo. Maji niliyokuwa nikiogea yalipita juu ya kile kidonda kila siku ya pili, na mimi nilikuwa nalalamika bei imepanda.

Nilimwambia kwa sauti ya darasani kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, tangu mwaka 2008, na kwamba anachokifanya ni kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Sasa kesho niwaletee maji na nini?"

Sikuwa na jibu, nikafanya kile anachofanya mtu mwenye hasira na fedha mkononi. Nilimnunua yule punda hapo hapo, laki moja na nusu, bila hata kubishana bei. Nikalala usingizi mzuri sana usiku ule.

Baada ya majuma mawili kijana alirudi na salamu zake ndefu. Alikuwa na punda mwingine, mdogo zaidi, pengine wa miaka mitatu, kabeba madumu manne. Alikuwa amemnunua kwa laki na ishirini. Thelathini iliyobaki alilipia ada ya mdogo wake. Nilisimama getini nikaelewa kwamba hela yangu ilikuwa imemtoa punda mmoja chini ya ile kamba na kumwingiza mwingine. Hilo nitalirudia, maana ndilo lililonifunza zaidi kuliko mengine yote. Ila kwanza niseme jinsi nilivyokaribia kumuua yule niliyemwokoa.

Siku ya tatu nilimwendea na beseni la maji ya chumvi, nikitokea nyuma, kimya kimya ili nisimshtue. Teke lilinipata pajani. Jirani yangu alipokuja kunipa pole, nikiwa nimekaa na kitambaa cha maji ya moto, alisema kile ambacho kila Mswahili angesema: "Mwalimu, wewe si ndiye uliyetufundishia watoto, asante ya punda ni mateke?" Ni kweli niliwafundisha. Niliiandika ubaoni kwa chaki miaka yote ile, tukaitafutia maana, tukaitungia sentensi. Iko na ndugu yake, punda afe mzigo ufike, na yuko wa tatu ambaye mwalimu haandiki ubaoni, wa fadhila na mashuzi. Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyewahi kuuliza yule punda wa methali alifanyiwa nini kabla ya kurusha teke.

Punda haoni kilicho nyuma ya mkia wake. Anayekuja kimya kutoka huko, kwake yeye ni fisi. Kwa hiyo unaanza kwa sauti, ukiwa mbali, unasema lolote. Mimi huwa nahesabu, mazoea ya kazi. Unamfikia begani, unaweka mkono, halafu mkono hauondoki mwilini mpaka umefika unakotaka kufika. Tangu nilipojua hivyo sijapigwa tena na Subira. Babu, punda mwingine aliyekuja baadaye, alinipiga, lakini Babu alimpiga kila mtu, nitamweleza.

Kidonda kilichukua zaidi ya miezi mitatu kufunga. Majirani walishauri oili chafu ya gari, na nakubali kwamba inafukuza nzi, lakini daktari wa mifugo aliikataza, maana inaunguza nyama mpya. Tulinyoa manyoya pembeni, tukatoa funza mmoja mmoja kwa kibanio, tukaosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi yakapoa, halafu ile dawa ya kupuliza ya bluu. Asubuhi na jioni. Hakuna siku ya mapumziko, hata Pasaka. Manyoya yaliyoota juu ya kovu yametoka meupe, hivyo ndivyo yanavyotoka kwa punda aliyekatwa na mzigo. Usiku wa giza ile alama nyeupe ndiyo ninayoiona kwanza nikiingia bandani.

Daktari alipoona kidonda kile, kitu cha kwanza alichouliza ni chanjo ya pepopunda. Hapo ndipo nilipolisikia vizuri neno ambalo nimelitamka tangu utotoni. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama wa jamii ya punda na farasi, vinangoja jeraha lenye kina lisilopata hewa. Na punda mwenyewe anaugua vibaya sana: masikio yanasimama kama vijiti, mkia unanyanyuka, taya linafunga. Kwa hiyo jina linamsingizia kidogo. Tulimchoma Subira, na miezi michache baadaye nilipokanyaga msumari bandani nikaenda kuchomwa na mimi. Muuguzi aliponiuliza nafuga nini na nikamjibu, aliniangalia usoni kwa muda.

Basi nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Subira alikuwa mifupa mitupu, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani, na mimi ni mama wa Kitanzania. Mtu aliyekonda anapewa chakula. Nilimwekea pumba za mahindi debe asubuhi, debe jioni, na mashudu ya alizeti juu yake kama mtu anayenyunyizia sukari. Alikula vyote, akanifuata huku na huko akitaka zaidi. Nilijiona shujaa.

Juma la tatu nilimkuta amesimama vibaya. Miguu ya mbele ameisukuma mbele, uzito wote kauegemeza nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa na hana pa kukimbilia. Nikigusa kwato nilihisi joto kabisa, kama sufuria iliyotoka jikoni punde. Alikuwa akinyanyua huu, anaushusha, ananyanyua ule. Daktari alikuja, akaangalia miguu, akaangalia debe, akasema, "Mwalimu, huyu si nguruwe wa Krismasi."

Alinieleza akiwa amechuchumaa, anachora kwa kijiti mavumbini. Punda asili yake ni nchi kavu. Tumbo lake limeumbwa kutoa uhai kwenye nyasi ambazo ng'ombe angezisusa. Wanga mwingi wa ghafla unashuka mpaka utumbo wa nyuma, unachacha, sumu inaingia kwenye damu, na damu ile inaenda kuharibu mahali kwato inaposhikana na mfupa. Ukizembea, mfupa unazama ndani ya kwato na ndio mwisho wake. Punda wetu hawa, wenye kilo kama 120 au 130, wanahitaji kama kilo mbili tu za chakula kikavu kwa siku, na kiwe mabua, nyasi kavu, majani ya maharage yaliyopurwa. Jiwe la chumvi la kulamba. Maji safi. Basi.

Tulimsimamisha kwenye tope la maji baridi, tukamtandikia majani mengi, akapewa dawa ya maumivu. Miezi miwili. Debe nililitoa bandani, nikaligeuza la kukusanyia samadi.

Nimelisema hili kwa wengi na naona hawaniamini: punda mnene ni mgonjwa. Ukiona mafuta yamejikusanya juu ya shingo mpaka yanalala upande, usimsifu mwenye punda. Tena mafuta hayo yana hatari nyingine nitakayoieleza mbele, nilipoonana nayo ana kwa ana.

Asubuhi yangu iko hivi. Kabla ya kumlisha yeyote nasoma mavi. Nilisahihisha madaftari maisha yangu yote, sasa nasahihisha mavi, na kwa kweli yanasema ukweli zaidi. Vidonge vingapi, vigumu kiasi gani, kuna kamasi, kuna mfuko wa plastiki ndani? Mifuko ile ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini iliyokwisha kuzikwa ardhini bado inafukuka kila mvua ikinyesha, na punda mwenye njaa huila. Inajisokota tumboni. Ng'ombe mwenye msokoto wa tumbo utamjua, mbwa atakulilia. Punda anasimama tu, kimya, masikio yameanguka kidogo. Wanasema mvumilivu. Mimi nasema ameumbwa kwenye nyika yenye simba, ambako anayeonyesha maumivu ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo unaangalia vitu vidogo: amechelewa kugeuka nilipomwita, hajamaliza mabua, analala saa ambayo halali.

Baada ya mavi, kwato. Nina chuma fundi alinichongea kutoka kwenye nondo, kimepinda ncha. Natoa kokoto na tope, nanusa. Ndiyo, nanusa, kwato inayooza ina harufu yake na huwezi kuikosea. Kila majuma sita hadi manane anakuja kijana wa kuzikata. Halafu maji, halafu mabua, halafu ndio chai yangu. Mzee wangu amejifunza kujipikia.

Na paa. Hili lilinigharimu. Nilidhani mnyama aliyezoea kulala nje hahitaji paa, kumbe manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi. Yanalowa mpaka ngozini. Mvua za masika za mwaka wa kwanza Subira alitetemeka siku mbili kabla sijaelewa. Tulinunua mabati tukiwa na deni la mbegu.

Sasa yule kijana wa maji.

Nilimkasirikia mwezi mzima. Nilinunua maji kwa mtu mwingine, mwenye punda mwenye vidonda vyake. Aliyenitoa kwenye hasira ile ni bwana mifugo wa kata, ambaye alinipigia hesabu ambayo mwalimu wa hisabati nilipaswa kuipiga mwenyewe. Dumu moja ni lita 20, yaani kilo 20. Manne ni 80. Punda ana kilo 130. Mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo madumu mawili, na hapo hapo umeshafika ukingoni. Lakini mkokoteni wenye magurudumu mawili, mzigo ukiwekwa juu ya ekseli, uzito unabebwa na tairi na punda anavuta tu. Njia ya kutoka bombani mpaka kwetu ni tambarare. Kwa mkokoteni kijana angeleta madumu mengi zaidi kwa safari moja, na mgongo ungepona.

Nilimwita. Alikuja akiwa ameinamisha macho, nadhani alitegemea sheria tena. Nikamuuliza safari ngapi kwa siku, bei ya dumu, anabaki na nini. Alikuwa anaijua kila shilingi. Nikamkopesha fedha za mkokoteni wa mtumba, alipe kwa maji. Masharti yangu yalikuwa mawili: kamba ya nailoni isiguse ngozi, na Jumapili punda apumzike. La pili alilicheka sana. "Mwalimu, mimi mwenyewe Jumapili sipumziki." Tukakubaliana nusu siku.

Mkanda wa kifuani tuliushona wenyewe, jioni tatu, mimi na yeye na mzee wangu anayelalamika. Turubai la zamani la lori, upana wa kiganja, ndani blanketi lililokunjwa mara tatu, mishono yote ikitazama nje. Kwa ajili ya mgongoni tulitengeneza mito miwili iliyojazwa majani makavu, mmoja kila upande, katikati tukaacha mfereji ili uti wa mgongo usiguswe na kitu chochote. Ukiona kidonda kipya unatazama mshono uliokaa mahali hapo, unaurekebisha. Huo ndio utaalamu wote.

Yule punda mdogo aliitwa Scania. Mpaka leo hana kovu hata moja. Nilitumia laki moja na nusu kumnunua Subira na nikaharibu jambo. Mkopo wa mkokoteni ulirudi wote, kwa maji, ndani ya miezi minane. Vijana wengine watatu walikuja kuomba kipimo cha mkanda. Tangu wakati huo sijanunua mnyama yeyote kwa huruma. Anayeletwa au aliyetupwa, sawa. Kununua, hapana, hata nikilia.

Walioletwa ni wengi kuliko nafasi. Tochi, mbwa mwenye jicho moja, alipatikana ndani ya kiroba karibu na mnada. Anachanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka bila kukosa, na watoto wa jirani nimewakaririsha kwamba ukiumwa na mbwa unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu unaenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Yuko mbuzi wa miguu mitatu ambaye sina la kumweleza, ila kwamba anaruka uzio kuliko wa minne.

Mara moja mtoto mchungaji aliniletea kitoto cha digidigi, macho makubwa kuliko uso. Nilimpenda kwa muda wa nusu saa, kisha nikawapigia simu watu wa wanyamapori, maana mnyama wa pori hafugwi nyumbani bila kibali, na mimi simjui hata chakula chake. Mtoto aliumia. Nilimweleza kwamba pengine hakuwa ameachwa kabisa, mama digidigi humficha mtoto kwenye majani na kurudi kumnyonyesha. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwiba?" Nilitamani nisingekuwa nimesema.

Shemeji, yule wa karatasi, alilijenga banda lake la kuku mwenyewe. Kuku wake wa vizimba walipochoka kutaga aliwauza wote kwa wachoma nyama, wakabaki 12 ambao hakuna aliyewataka: shingo tupu, midomo imekatwa ncha, kucha ndefu zimepinda. Niliwafungulia mlango asubuhi. Walisimama kwenye mstari wa kivuli wakiutazama udongo, hakuna aliyethubutu kuukanyaga. Walikuwa hawajawahi kuuona. Siku mbili walisimama pale. Siku ya tatu mmoja alichakura mara moja, akashtuka na kile alichokifanya, akachakura tena. Ilipofika saa nane wote kumi (wawili walikuwa wamekufa) walikuwa wamelala ubavu mavumbini, wanajirushia vumbi mabawani, macho yamefumba. Mzee wangu alileta kiti akakaa kuwatazama mpaka jua likazama. Hakusema kitu, lakini tangu siku ile chanjo yao ya kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, anaidondosha yeye.

Kulikuwa na miaka ya hofu. Ngozi za punda zilikuwa zinatafutwa kwenda China, zinachemshwa kupata gelatini ya dawa inayoitwa ejiao. Machinjio yalifunguliwa hapa nchini na ng'ambo ya mpaka Kenya, na bei ya punda ikapanda hata kijana wa maji hakuweza kununua mwingine. Wezi walifuata bei. Jirani mmoja alipoteza wanne usiku mmoja. Wawili tuliwakuta korongoni wamechunwa, nyama yote ipo. Punda jike anabeba mimba kama mwaka mzima na anazaa mmoja. Hakuna namna ya kufidia kasi ile. Mwishoni mwa 2022 serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana huko Addis Ababa kuuzuia bara zima. Nafurahi. Kufuli la banda bado sijaliondoa.

Babu alikuja katika miaka hiyo, ametupwa kando ya barabara kwa sababu hakuna aliyetaka hata ngozi yake. Meno yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akitafuna nyasi na kuzitema zimeviringika kama sigara. Yeye pekee alipewa pumba, kiganja kimoja kimeloweshwa uji, na majani tuliyoyakatakata kwa panga. Aliuma, alipiga mateke, alimfukuza Tochi. Subira alimwabudu. Walisimama kichwa kwa mkia, kila mmoja akimfukuzia mwenzake nzi, miaka minne.

Asubuhi aliposhindwa kusimama, daktari alimchoma sindano ya mwisho. Mzee wangu alikuwa ameshachimba shimo, anataka tumzike haraka kabla ya joto. Daktari akatuzuia. Akasema mwacheni yule jike aje. Subira alimnusa kuanzia pua mpaka kwato, akamsukuma bega kwa kichwa, akasubiri, akamsukuma tena. Kisha akasimama tu. Ilipita kama saa nne ndipo akaondoka mwenyewe kwenda kwenye maji. Nimeambiwa kwamba usipompa muda ule, atamtafuta kwa siku nyingi, atazunguka uzio akilia.

Hakumtafuta. Ila aliacha kula. Na hapa ndipo hatari ile ya mafuta niliyoitaja. Punda akikaa na njaa, mwili unaanza kuyamwaga mafuta yake kwenye damu, unashindwa kuyasimamisha, ini linazidiwa. Haichukui siku nyingi. Daktari alisema kwa simu, "Usisubiri siku ya pili." Nilikaa bandani na maganda ya ndizi, na molasi kwenye maji, na karoti ambazo sisi wenyewe hatununui. Alilamba molasi kidogo. Jioni kijana wa maji alipita, akanikuta nimekaa kwenye majani na bakuli mapajani. Hakuuliza. Alimfungua Scania kwenye mkokoteni akamwingiza ndani, akafunga mlango, akasema atamfuata asubuhi.

Alfajiri nilisikia wawili wakitafuna.

Tangu hapo Scania alilala kwetu kila usiku na kwenda kazini kila asubuhi, kama mpangaji. Hivyo mpaka mwezi wa nane mwaka jana. Kijana alikuja Jumapili, amevaa shati safi, akakaa kwenye kiti cha wageni badala ya gogo lake la siku zote. Alisema anakwenda Mirerani, amepata mtu wa kumwingiza mgodini, miezi mitatu tu. Aliomba nimkalie na Scania. Alimvua Scania mkanda wa kifuani akauning'iniza juu ya msumari karibu na mlango, akanionyesha mahali blanketi lilipoanza kuchakaa.

Simu yake ilipatikana mpaka mwezi wa kumi na moja.

Scania hasumbui. Saa kumi na mbili kila asubuhi anaenda kusimama getini, upande ule ule wa mkokoteni, anangoja. Akichoka anarudi kwa Subira. Ule mkanda nimeuhamisha ndani, chini ya paa, mvua isiufikie. Blanketi nimeshalibadilisha, na kile kipande cha ngozi cha kufungia mkanda ninakipaka mafuta ya mgando kila Jumamosi ili kisikauke.